Bangili ya Ayikoru Isiwe Chafu

Watu wa huku kwetu wana ugonjwa mmoja, na mimi nimeuona kuanzia Vurra mpaka Koboko: wakiona kitu cheusi, lazima wakisugue. Sufuria, sawa. Meno, sawa. Lakini mpe mtu mkufu wa fedha, atausugua kwa majivu. Mpe herini zilizopakwa dhahabu nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, atazisugua kwa dawa ya meno, na ile dhahabu ikiondoka atakuja kwangu kulia kwamba amedanganywa. Hakudanganywa. Alisugua.

Mimi siuzi kitu. Natengeneza, nasafisha, naunganisha kilichokatika. Kazi yangu kubwa ni kusema maneno ambayo hakuna anayeyasikia. Naitwa Tongun. Shule nilisoma vipande vipande, darasa moja hapa, nusu darasa upande wa Congo, kidogo upande wa Sudan, kisha nikamfuata fundi mmoja wa fedha aliyekuwa na jicho moja na matusi mengi, akanifundisha mpaka akafa. Tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Nikikaa sana miguu inauma. Nikitembea sana pia inauma, lakini angalau naona watu.

Nikiwa Arua nakaa barazani kwa Kaltumu, mama wa Kinubi anayeuza shanga na mapambo. Siku hiyo alikuwa anagombana na msichana aliyevimba masikio kama maandazi.

“Umeniuzia sumu, mama,” msichana alisema.

“Mimi nimekuuzia herini. Sumu iko kwa masikio yako. Muulize huyu mzee.”

Nikazitazama. Zilikuwa na nikeli ndani, na juu rangi ya dhahabu. Nikamwambia, “Binti, masikio yako hayapatani na nikeli. Si kosa lako, si kosa lake. Vaa fedha, au dhahabu ya kweli, au acha masikio yapumzike.”

“Nipake nini ili niendelee kuvaa?”

“Usipake kitu. Vua.”

Akavua, akashukuru, akavuka barabara kwenda duka la pili. Nikamwona kwa macho yangu ananunua zilezile, za rangi nyingine.

“Umefukuza mteja yangu,” Kaltumu akasema.

“Sikumfukuza. Amekwenda kuvimba kwa jirani.”

Ndipo akaja Stella Kiden. Huyu ni binti wa Sajini Angelo wa Koboko, anashona nguo hapa Arua, na nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Alikuwa ameposwa na kijana wa Vurra anayeitwa Moris. Nilidhani amekuja kunialika.

“Baba,” akaniita, kama anavyoniita tangu utoto, “umeshinda vipi?”

“Nimeshinda na viziwi. Kaa.”

Hakukaa. Alitoa simu akanionyesha picha. Ulikuwa mkono wa mama yake, marehemu Ayikoru, umelazwa juu ya blanketi la hospitali. Kwenye kifundo kulikuwa na bangili ya fedha, nene, ya kale, yenye mdomo wazi ili mkono upite. Juu yake mikato midogo ilipangwa, na ndani ya kila mkato kulikuwa na weusi, kama wanja. Ungeweza kuisoma hata ukiwa umesimama mbali.

“Hii ni wakati mama alikuwa bado hai,” alisema. Akasogeza kidole. “Na hii nimepiga Jumapili iliyopita.”

Bangili ilikuwa ile ile, lakini iling'aa kama kioo cha pikipiki mpya. Mikato ilikuwa imelala. Mingine ilionekana kama mikwaruzo tu.

“Nani amefanya hivi?”

“Unajua ni nani.”

Nilijua. Nilishamwambia Angelo mara nyingi nikipita Koboko. Kila mara alisema amesikia.

Kiden akakaa sasa, akaniambia jambo ambalo sikulijua sawasawa. Mama yake, kila alipojifungua, alikwenda kwa fundi akakatiwa mkato mmoja. Wa mwisho ulikuwa wa Kiden mwenyewe. Wa kwanza, pale karibu na mdomo wa bangili, ulikuwa wa Jenifer. Jenifer alizaliwa wakati watu wetu walipokimbia vita wakavuka kwenda Congo, na hukohuko akafa kabla hajajua kutembea. Walimzika upande wa Aru, kulekule Congo, kando ya njia. Waliporudi miaka mingi baadaye kutafuta, pale palikuwa shamba la mihogo la mtu.

“Hana kaburi, hana picha,” Kiden alisema. “Ana huo mkato tu. Na wiki hii watu wa Moris wanakuja Koboko. Mama angekuwepo, yeye ndiye angenivalisha bangili mbele yao. Sasa atanivalisha baba. Akiendelea kusugua, atanivalisha kitu ambacho hakina mtu ndani yake.”

“Umemwambia?”

“Anasema mimi mtoto.”

“Na mimi atasema ni raia.”

“Nenda tu, baba. Wewe ndiye unajua vyuma.”

Kaltumu akacheka. “Vyuma anajua. Watu ndiyo hajui.”

Nilibeba sanduku langu, nikapata nafasi juu ya lori la saruji, nikafika Koboko nimekuwa mweupe kama mzungu. Angelo nilimkuta barazani kwake, ameketi juu ya kigoda, mgongo umenyooka kama vile afisa anapita. Mbele yake alikuwa ametandika taulo, na juu ya taulo vitu vimepangwa mstari: burashi, kitambaa, kopo la dawa ya kung'arisha shaba, bizimu ya mkanda wake wa jeshi, vifungo vyake vya shaba. Katikati, bangili ya Ayikoru.

“Nani huyo anatembea kama mutu amepoteza mbuzi?”

“Ni mimi, Afande.”

“Tongun! Wewe raia, hujakufa?”

“Bado nazunguka.”

“Kifo ikikutafuta itachoka. Keti. Hapana kanyaga taulo.”

Niliketi. Sikutaka hata maji. Niliomba bangili. Alinipa kwa mikono miwili. Nikaipima kiganjani, na moyo ukaniuma, maana mkono wangu una kumbukumbu kuliko kichwa. Zamani ilikuwa na uzito wa kitu. Sasa pale mdomoni ilikuwa nyembamba, kingo zake kali kama za kifuniko cha kopo.

“Afande, hii bangili imepungua.”

“Mimi pia nimepungua.”

“Wewe umepungua kwa uzee. Hii umeipunguza wewe. Ule weusi unaoutoa, unajua ni nini? Ni fedha yenyewe, imeshikana na hewa, na moshi wa jikoni. Si uchafu kutoka nje. Kila ukisugua kwa dawa hiyo, unaondoa ngozi ya fedha. Kesho inapata weusi tena, unaondoa ngozi nyingine.”

Alichukua bizimu akainua juu, jua likaipiga.

“Na hii? Hii nasugua toka mimi kijana. Iko vilevile.”

“Hiyo ni shaba, na ni nene. Dawa hiyo imetengenezwa kwa ajili yake. Fedha ni laini. Fedha ni kama mtu mpole, ukimsugua kila siku anakwisha.”

“Na mistari nasikia mtoto analia juu yake. Mistari imekatwa. Kitu imekatwa haiendi.” Akanikazia macho. “Bunduki yangu ilikuwa na namba. Nilisugua kwa mafuta, nilisugua kwa mchanga, mvua, matope, nimelala juu yake. Namba haikuenda. Mpaka siku narudisha ile bunduki, namba iko.”

Hapo nikaelewa tulipo. Hakuwa mkaidi tu. Alidhani mikato ya mkewe imepigwa kama namba ya bunduki, kwa mashine, ndani ya chuma kigumu. Mtu aliyesoma dunia yote kwa bunduki na bizimu, utamwelezaje kitu laini?

Nilimweleza hata hivyo. Nilimwambia fedha haipendi kusuguliwa, inapenda kuvaliwa, maana ngozi ya mtu peke yake inaizuia isiwe nyeusi.

“Mimi mwanaume nivae bangili ya bibi?”

“Basi ifunge kwa kitambaa cha pamba, itie ndani ya kopo, funika. Ukiona vumbi, futa kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, kausha. Basi. Ule weusi ndani ya mikato uache. Ule ndio maandishi.”

Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu. “Nimesikia. Kesho hapana sugua.”

Nililala kwake nikiwa na amani. Asubuhi nikaamka kwa sauti: fyu, fyu, fyu. Nikatoka. Alikuwa barazani, taulo limetandikwa, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika, anaisugua bangili. Anaanza mdomoni, pale pa Jenifer, kidole gumba kimekaza, kisha anazunguka.

“Afande. Ulisema kesho husugui.”

“Kesho haijafika. Leo iko leo.”

Nilimwita majina ambayo mwalimu wangu mwenye jicho moja aliniachia. Hakukasirika. Aliweka kitambaa chini, na kwa mara ya kwanza akaongea bila sauti ya kambini.

“Wewe hukuwepo, Tongun. Ayikoru alikuwa mwanamke safi. Unakumbuka ua wake? Hata majani ilikuwa inaogopa kuanguka. Pale hospitali alishindwa hata kuoga. Nilimwogesha mimi, na mikono hii ya bunduki, aliona aibu. Siku ya mwisho akavua bangili, akanipa. Alisema, Baba Jenifer, mimi nimekuwa chafu, lakini hii isiwe chafu. Hayo tu. Hakusema kitu ingine.” Akachukua kitambaa tena. “Sasa watu wa Vurra wanakuja. Nitatoa bangili nyeusi mbele yao? Watasema nini? Watasema, mama alikufa na nyumba ikafa.”

 Nikiwa na jibu nakuwa na hasira, nikikosa jibu hasira inazidi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaongea na kuku.

Kuku ndio walionipa akili. Fundi yeyote wa fedha anajua yai ni adui yake. Chemsha yai, lifunge mahali pamoja na fedha, ile harufu yake itaigeuza fedha nyeusi kabla chai haijapoa mara mbili. Mwalimu wangu alikuwa akifanya hivyo kwa makusudi: anaifanya bangili nyeusi yote, kisha anafuta juu tu kwa kidole chenye magadi, na weusi unabaki chini ndani ya michoro. Kwa mikato iliyofifia ndiyo njia pekee. Macho hayaoni, lakini weusi unajua penye shimo, hata likiwa dogo.

Ningemwomba ruhusa? Ningemwambia, Afande, bangili ya mkeo nataka niitie kwenye yai? Hapana. Alipoondoka kwenda Lurujo kwa ndugu zake kutafuta mbuzi wa wageni, nilichukua mayai mawili ya kuku wake, nikachemsha, nikayaponda ndani ya kopo. Bangili nikaiweka juu ya kisahani kidogo ili isiguse yai, nikafunika. Niliketi juu ya kile kigoda chake nikingoja, na nusu yangu ilikuwa inacheka.

Hesabu yangu ilikuwa kwamba atarudi jioni. Lakini mbuzi alipatikana mapema. Ndiyo kwanza nimeitoa bangili, imekuwa nyeusi kama makaa ya jana, nimeishika juu ya magoti natafuta magadi ndani ya sanduku, naona kivuli. Angelo amesimama na kamba ya mbuzi mkononi.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige kelele.

“Hiyo ni nini?”

“Afande, ngoja kidogo.”

“Nauliza hiyo ni nini iko kwa mikono yako.”

“Ni bangili, harufu ya yai ndiyo imeifanya nyeusi. Ngoja niifute, utaona.”

“Alisema isiwe chafu.” Kamba ikamtoka mkononi, mbuzi akaenda zake kwenye maharagwe ya jirani. “Neno moja alinipa. Moja. Umekuja kutoka Arua, umekula ugali yangu, umelala kwa kitanda ya mtoto wangu, umefanya hivi.”

“Kaa chini. Nipe muda wa kunawa mikono tu, kisha unipige.”

Sijui kwa nini alikaa.  Nilichovya kidole kwenye magadi na tone la maji, nikaanza kufuta juu juu, polepole, kwa upande, bila kukandamiza. Weusi ukatoka juu, fedha ikarudi, si ile ya kung'aa kama kioo, ile tulivu, rangi ya mwezi ukiwa na mawingu. Na chini yake mikato ikabaki.

Wa Kiden ulitokea kwanza, upande wa mwisho, mnene. Kisha wa kaka zake. Mmoja ulikuwa umepinda kidogo, na Angelo akausogelea.

“Huyu ni Wani,” alisema. “Fundi alikuwa amelewa siku hiyo. Ayikoru alimgombeza mpaka akalia.” Alikuwa anatabasamu na hajui kama anatabasamu. “Mimi nilisahau hii imepinda. Endelea.”

Niliendelea. Mkato baada ya mkato, mingine hafifu kama unywele, lakini ipo. Angelo alikuwa anaita majina. Nilipokaribia mdomo wa bangili, kidole changu kikawa kizito. Nilifuta kidogo. Nikafuta tena kidogo. Weusi ukaondoka wote sawasawa, kama maji juu ya jani la muhogo. Hapakuwa na kitu.

“Ya Jenifer iko wapi?”

Nilipafuta tena, kwa kidole kikavu.

“Tongun. Ya Jenifer.”

“Hapa ndipo ulipokuwa unaanzia kusugua, Afande.”

“Rudisha kwa yai.”

“Yai linatafuta shimo. Hapa hakuna shimo tena.”

Aliichukua, akaitazama karibu, akaitazama mbali, akaenda nayo juani, akarudi. Akasugua macho kwa mkono wa shati. “Namba ya bunduki haiendi,” alisema, lakini sasa alikuwa anauliza.

“Bunduki ni chuma kigumu. Hii ni fedha.”

“Basi kata. Wewe fundi. Una patasi hapo. Kata ingine, mahali pale pale.”

Nilimshika kidole nikakipitisha kwenye ukingo wa mdomo ule. Nilipoukandamiza kwa ukucha, ulipinda. “Nikiweka patasi hapa, inapasuka. Nitakupa vipande viwili.”

“Yeyusha basi. Tengeneza mpya, nene.”

“Nikiyeyusha, wote wanakwenda. Wani, Kiden, wote. Utapata bangili safi sana, Afande. Haitakuwa na mtu hata mmoja.”

Basi hapo hasira yake ilipata njia. Aliniambia nitoke. Aliniambia kwamba kabla sijafika na mayai yangu, bintiye Jenifer alikuwepo pale, na sasa hayupo. Hilo halikuwa kweli na alijua si kweli, lakini mimi nilifunga sanduku. Njiani nilimkamata mbuzi wake nikamfunga kwenye mti wa jirani, maana hata ukifukuzwa, mbuzi wa wageni ni mbuzi wa wageni.

Nilipata mahali kwa jamaa mmoja karibu na soko, nikalala vibaya. Kilichonichoma ni hiki: ningejua kuongea na watu kama ninavyojua kuongea na fedha, ningemzuia tangu mwaka ule wa kwanza alipoanza kusugua. Niliyajua yote, na yote niliyasema, na bado alisugua. Mtu akikusikia nusu, ni sawa na kutokukusikia. Lakini ukisema kwa namna ambayo hawezi kuisikia, je, umesema? Sijui. Nilitaka kuondoka kwenda Inde au popote. Kiden alinipigia simu.

“Baba, usiondoke. Wageni wanakuja kesho.”

“Baba yako amenifukuza.”

“Amekufukuza kwake. Mimi nakualika kwangu.”

“Kwako ni kwake.”

“Mpaka kesho tu,” akasema. Nikacheka bila kupenda.

Wageni walifika na nyimbo na vyakula, wakaketishwa chini ya turubai. Mimi nilikaa nyuma, karibu na masufuria, mahali pa mtu ambaye hajui kama amesamehewa. Mbuzi alikuwa amekwisha kuwa mchuzi. Maneno yalisemwa ya upande huu na upande ule, marefu, kama kawaida. Kisha Angelo akasimama. Alikuwa amevaa suti, na juu ya suti ule mkanda wa jeshi, na bizimu yake ilikuwa inawasha macho ya watu. Alitoa mfukoni kitambaa cha pamba, akakifungua polepole. Bangili ilikuwa vilevile nilivyoiacha: tulivu juu, nyeusi ndani ya mikato. Hakuwa ameisugua. Niliposhusha pumzi, mama mmoja wa jikoni akaniuliza kama naumwa.

Shangazi wa Moris, mama mmoja anaitwa Harriet, alikuwa ameketi mbele kabisa. Mwili mkubwa, sauti kubwa, mkufu shingoni uliopakwa dhahabu na tayari umeanza kuwa mwekundu kwa sababu ya jasho. Alisogeza kichwa.

“Sajini, hii bangili iko na uchafu kwa mistari. Mmesahau kuosha? Mutu alete dawa ya meno na burashi, mimi nitasugua sasa hivi, dakika moja tu, mtoto avae kitu ya kung'aa.” Akanyoosha mkono.

Watu wakacheka kwa upole. Nilijua jambo ambalo Angelo alikuwa ameogopa tangu mwanzo limefika, na limefika mbele ya wote.

“Hapana gusa,” Angelo alisema.

Sauti ilikuwa ya kambini. Mkono wa Harriet ukarudi wenyewe. Hata watoto waliokuwa wanapigania mifupa walitulia.

“Shangazi, nisamehe. Karibu sana, kula, kunywa. Lakini hii si uchafu. Hii ni watoto ya Ayikoru.” Akamwita Kiden, akamshika mkono wa kushoto, akaipitisha bangili kwa ubavu wa kifundo, polepole, kwa sababu ya ule mdomo mwembamba. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, kwa majina. Alipofika kwa Wani aliyepinda, akasema juu ya fundi mlevi, watu wakacheka sana. Halafu akafika mdomoni.

Alichukua kidole gumba cha Kiden akakiweka pale penye fedha tupu.

“Hapa ilikuwa Jenifer. Dada yako. Mimi nimefuta yeye. Sikujua, nilifikiri nasafisha. Ukiweka kidole hapa, ujue kuna mutu.”

Kiden hakulia. Alisema tu, “Ndiyo, baba.” Harriet ndiye aliyelia, kwa sauti, na akaanza kumwambia kila aliye karibu kwamba yeye pia alizika mtoto Congo na hajui ni wapi. Basi ikawa hivyo. Nyimbo zilirudi taratibu.

Baadaye Angelo alikuja kule nyuma na sahani mbili za nyama. Akanipa moja, akakaa juu ya gunia la mkaa na suti yake yote. Tulikula kwanza.

“Wewe raia,” akasema. “Hii bizimu nayo niache iwe nyeusi?”

“Hapana. Hiyo ni shaba. Sugua mpaka uchoke.”

“Hata Jumapili?”

“Jumapili, Jumatatu, siku unayotaka. Wewe utakwisha kwanza.”

Akatikisa kichwa, akaitazama bizimu tumboni mwake, akaifuta kwa mkono wa suti, mafuta ya nyama na yote. Nikamwambia mafuta ya nyama hayafai kwa shaba, yanaleta kijani. Akasema amesikia.

Jua lilikuwa linashuka na wageni wakaanza kupanga safari. Kiden alikuwa amesimama kando ya gari na Moris, anaongea na wenzake, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa pale pale, kwenye mdomo wa bangili, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, wala yeye hajui. Ngozi ya mtu ni laini, lakini fedha nayo ni laini, na pale palikuwa pembamba kama jani. Nilijua kwa miaka mingapi patavumilia. Nilitoka kwenye masufuria, nikaenda kumwambia asisugue pale.

Nilifika karibu yake, akanitazama, kidole hakikusimama; kilikuwa kwa Jenifer.

“Safari njema, mwanangu,” nilisema, nikageuka kutafuta sanduku langu.